Sifa za Mtoto wa Mbwa Asiyenyamaza

Simba amesifiwa, farasi amesifiwa, hata njiwa ana wapambe wake. Sijaona aliyemsifu mtoto wa mbwa anayelia usiku kucha ndani ya kizimba, ghorofa ya tatu, River Road. Kazi hiyo naichukua mimi, maana usingizi sina na muda ninao.

Anaitwa Bosco, kama nusu ya mbwa wa nchi hii. Si wangu. Ni wa binamu yangu anayejenga Uthiru, ambaye ua wake haujafungwa kwa sababu fundi alichukua malipo ya kwanza akazima simu. Kizimba kilichomelewa Kamukunji, nondo na wavu wa chuma, kwa vipimo vya daktari wa mifugo: nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikizidi hapo mbwa atalala pembe moja na kujisaidia pembe ya pili; kikiwa cha kumtosha tu atajizuia, kwa kuwa mbwa hapendi kuchafua anapolala. Kujizuia kwenyewe kuna kipimo, takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri. Bosco ana miezi miwili. Msomaji apige mwenyewe hesabu ya usiku wangu.

Fadhila zake ni nyingi, nitazitaja mbio mbio. Amenifunza kuweka viatu juu ya kabati. Amenijuza kwa walinzi wote wa usiku hadi Latema Road, maana haja humbana saa nane. Hanywi, havuti, hakopi.

Lakini fadhila yake kuu ni kulalamika, na hapa naomba msomaji akae vizuri.

Taa ikizimwa Bosco hutoa mguno mdogo wa puani, wenye adabu, kama wa mgeni anayekohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi. Huo ni utangulizi. Asiposikilizwa hufungua hoja ya kwanza, kwamba amefungiwa. Ya pili, kwamba hakuulizwa. Ya tatu, kwamba juzi alikuwa akilala kati ya ndugu zake na hakuna aliyemweleza walikokwenda. Kisha huikatia kesi rufaa. Kutoka kwa mzee wa mtaa huipandisha hadi kwa hakimu, kutoka kwa hakimu hadi Mahakama Kuu, na ikifika saa tisa yuko Mahakama ya Juu, majaji wote saba wameketi, naye anaanza upya ushahidi wa shahidi wa kwanza. Hana wakili. Hajazi fomu. Hatafuti mtu anayemjua mtu ndani, hatoi kitu kidogo, haogopi kuitwa mchochezi. Ukikifunika kizimba kwa blanketi, hulalamikia blanketi.

Saa tisa na nusu. Bosco, nyamaza. Nyamaza, mwana wa mbwa wewe! Jamani, mtu ana kazi asubuhi, mtu ana mkubwa wa kazi, mtu ana kichwa kimoja tu!

Niwieni radhi. Tulikuwa kwenye sifa. Tena hilo nililomwita si tusi, ni cheti chake cha kuzaliwa. Na ikifika saa kumi na moja, makanga wa Tea Room wanapoanza kuwaita abiria wa Meru na Embu, yeye ndipo hulala fofofo.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wataalamu wa vizimba hawaafiki. Ukishampeleka haja na kumrudisha, wanasema, akilia kwa kutaka kutoka tu usimtazame, usimwite jina, usimfungulie. Ngoja anyamaze, hata kwa dakika moja, ndipo umpe kipande cha biskuti. Polepole atajua kwamba kelele hazileti kitu na kimya kina malipo. Nilipoyasoma maelekezo hayo nilihisi njia hii naifahamu. Nimelelewa nayo.

Chini ya chumba changu kuna klabu. Kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko, zilizotolewa mwaka 2009 kwa Notisi ya Kisheria namba 61, zinasema usiku huanza saa mbili na dakika moja. Kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili alfajiri, mahali wanapoishi watu, hata pakiwa pamechanganyika na biashara na starehe, kelele zisizidi desibeli 35. Hizo si mbali na mnong'ono. Klabu yetu hutembeza sufuria zangu rafuni. Nikapeleka barua kwenye ofisi fulani inayohusika. Haikutazamwa. Sikuitwa jina. Nilipopiga simu niliambiwa faili iko mezani. Nilipokwenda, meza ilikuwapo. Nilipochoka nikanyamaza, ukaja ujumbe kwenye simu wa kunitakia sikukuu njema. Hiyo ndiyo biskuti.

Wenzetu wa magharibi mwa jiji hawakufunzika upesi hivyo. Wakazi wa Kilimani na Kileleshwa walipiga kelele juu ya kelele, na Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja akatangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Vilabu mahali pake ni katikati ya jiji. Sisi tunaokaa huku katikati hatukuhesabiwa kuwa tunalala.

Niliandika malalamiko, nikayapitisha mlango kwa mlango ili majirani watie sahihi. Mama wa mlango wa pili alisema ana watoto, hataki maneno. Fundi saa akasema wenye klabu ni watu wakubwa. Kijana anayerekodi nyimbo ghorofa ya juu akacheka: "Mzae, hii ni River Road." Karatasi ikarudi na jina langu peke yake.

Bosco hakumaliza wiki. Msimamizi wa jengo alipanda ngazi na karatasi mkononi.

"Mkubwa, watu wamelalamika juu ya hii mbwa."

"Watu gani, mzee wangu?"

Akanionyesha. Sahihi zilijaa ukurasa zikaendelea nyuma. Mama wa mlango wa pili, na tarehe ameweka. Fundi saa, kwa herufi nzuri za kulala. Kijana wa nyimbo. Na chini kabisa, kwa muhuri, meneja wa klabu, anayesema mbwa anawasumbua wateja wake.

Kwa muhuri! Kumbe kalamu tunazo. Kumbe tukikosa usingizi tunajua kuandika, kuhesabiana, hata kupanda ngazi kumtafuta asiyekuwepo, mradi mlalamikiwa awe na kilo tatu na awe amekwisha kufungiwa. Mwenye nyumba naye, ambaye bomba langu linalovuja amelisikia tangu msimu wa mvua uliopita, alijibu barua hiyo siku ile ile.

Bosco atahamia Uthiru mwisho wa mwezi, ua ufungwe usifungwe. Akifikisha miezi mitatu atachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na binamu yangu nimemwambia asimpe biskuti.

Wapangaji wenzangu, karatasi ya klabu nimeibandika mlangoni kwangu, na kalamu nimeining'iniza kwa uzi. Njooni mtie sahihi. Asiseme mtu kwamba hajui kuandika. Miandiko yenu sasa naifahamu.