Mawe ya Fisi Maji

Zamani, wanyama wa ufukoni mwa Ziwa Kivu walijenga kijiji chao mtelemkoni, juu ya zile rasi tano ambazo leo zimebeba mji wa Bukavu. Udongo ulikuwa mwekundu na mlaini. Kila mvua zilipoanza, Septemba, kilima kilimeguka na kuondoka na nyumba ya mtu. Chakula kilifika kwa mitumbwi: maharagwe kutoka Idjwi, mahindi kutoka upande wa kaskazini, kuliko Goma.

Mwaka mmoja yaliingia mahindi yaliyooza, yamefunikwa juu kwa mazima. Vifaranga na watoto wa kima walizikwa wiki nzima. Baada ya matanga, Mzee Kobe aliwakusanya wote. "Muumba ametupa amri nyepesi kuitamka," akasema. "Kilichooza kisiingie kinywani mwa mtoto. Nani atailinda huko ufukoni?"

Wakamchagua Fisi Maji, kwa kuwa hakuna pua iliyoishinda yake. Akapiga magoti mchangani, akaapa mbele ya wote.

Siku ya tatu alikuja Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga sita, na kikapu kimoja cha maharagwe. Juu yaling'aa, chini yalikuwa na ukungu.

"Baba, nihurumie," akasema. "Mtaji wangu wote ni huu. Kikapu kimoja tu, kitamdhuru nani?"

Fisi Maji alihisi moyo ukimbana. Alijua njaa ya mjane. Lakini alijua pia kwamba yale maharagwe yangeliwa na mtoto wa mjane mwingine. "Mama, kuyapitisha siwezi," akamjibu. "Ila kukusaidia naweza." Wakaketi wote wawili, wakachambua punje kwa punje mpaka jua likawa utosini. Theluthi moja ikatupwa. Theluthi mbili Mama Kanga akaenda nazo sokoni, na siku hiyo Fisi Maji hakupata muda wa kuvua.

Jioni alipiga mbizi, akaibuka na jiwe moja. Akalipandisha mpaka mtelemkoni juu ya nyumba za kijiji, akaliweka hapo. Waliomwona walidhani anacheza.

Wiki iliyofuata akaja Nguchiro, rafiki yake wa utotoni. Alikuwa na gunia moja na samaki wawili waliofungwa kwa jani la mgomba. "Si rushwa, kaka. Ni matabishi, bahashishi ndogo, yale tunayoita maharagwe ya watoto."

"Watoto wangu wana njaa kweli," Fisi Maji akasema. "Rudisha samaki, tufungue gunia." Nguchiro akaondoka amenuna, na kwa mwezi mzima hakumsalimu. Jioni hiyo jiwe lilikuwa zito kuliko yote, maana urafiki una uzito wake.

Hata nyumbani hapakuwa na nafuu. "Baba watoto," mkewe alimwambia usiku, "mbuzi hula pale alipofungwa. Wenzako wote wanakula kazini mwao."

Fisi Maji alinyamaza kitambo. "Ni kweli, mama watoto. Lakini mbuzi hakuapa." Kisha wakasali wote wawili, wakala mihogo bila kitoweo. Asubuhi mkewe ndiye aliyebeba jiwe.

Miaka ikapita hivyo. Siku nyingi hakuna aliyemjaribu. Siku nyingine alijaribiwa mara tatu kabla ya jua kupanda. Kila alipokataa kitu ambacho moyo wake ulikitaka, aliongeza jiwe. Watoto wa kijiji walizoea kurukaruka juu ya ukuta huo mfupi bila kuuliza ulitoka wapi.

Ndipo usiku mmoja ikatia nanga mitumbwi ya Fisi, yule wa nchi kavu, ikiwa na magunia arobaini. Fisi hakushuka. Alimtanguliza Kunguru, mwenye kola nyeupe shingoni na maneno laini.

"Mheshimiwa," Kunguru akasema, "bwana wangu ni mtu wa kanisa. Katika faida ya mzigo huu ametenga fungu la kumi. Mtanunua kengele. Kijiji kizima kitaamshwa kwa sifa za Mungu. Wewe nawe una sehemu yako, nayo si ndogo."

Harufu ilikuwa imekwisha kufika kabla ya maneno. Fisi Maji akatazama kijiji kilicholala. "Mungu hakuniomba kengele," akasema. "Aliniomba pua. Nikiiziba pua, kengele hiyo itapigwa kwenye mazishi."

Kunguru akainama karibu. "Bwana wangu hajazoea kurudishwa."

"Nami naogopa," Fisi Maji akajibu. "Lakini magunia hayapiti."

Alfajiri wavuvi waliorudi wakiimba walinyamaza ghafla. Fisi Maji alikuwa amelala mchangani, hana uhai. Nyuma yake yalibaki magunia arobaini, hata moja halijavuka alama ya maji. Jua lilipopanda yakaanza kunuka, na kila mzazi aliyefika pale akaelewa mtoto wake alikuwa amenunuliwa kwa bei gani.

Siku ya nne baada ya mazishi ikanyesha mvua kubwa. Kilima kikameguka kama kawaida yake. Tope likashuka, likafika kwenye ukuta wa mawe uliofika kiunoni mwa mtu mzima, likasimama. Nyumba zilizokuwa nyuma ya ukuta zilipona. Upande wa mwisho, ambako ukuta haukuwa umefika, nyumba mbili zilikwenda na maji.

Mama Kanga akaweka ubawa wake juu ya jiwe la chini kabisa. "Hili nalijua," akasema. "Ni la siku ya maharagwe." Nguchiro alisimama mbele ya jiwe lake, akalia kwa sauti. Mzee Kobe akatembea polepole mpaka penye pengo. "Tulimpa mmoja amri ya wote," akasema, "tukakaa kumtazama akibeba. Hapa palikuwa pa mawe yetu." Akashuka ziwani kutafuta la kwanza.

Hekaya hii nimeitunga mimi, lakini Fisi Maji alikuwa na jina, ng'ambo ya ziwa letu hili. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akajiunga na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akajitoa kuwahudumia watoto wa mitaani. Katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, kazi yake ilikuwa kuzuia chakula kilichoharibika. Akaahidiwa fedha ili akiachilie kipite, akakataa. Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma. Sisi wa Bukavu tuna wetu pia: Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki na watu wake vita vilipoingia mjini, akauawa hapa tarehe 29 Oktoba 1996.

Tukiwasikia watu hawa tunadhani walichagua siku moja tu, ile ya mwisho. Mimi siamini. Kijana aliyezoea kumpa mtoto wa barabarani muda wake na sahani yake hakuhitaji kutafuta jibu fedha zilipowekwa mezani. Jibu alikuwa amelibeba miaka mingi, jiwe kwa jiwe. Vivyo hivyo, aliyezoea kuachilia vikapu vidogo atayaachilia magunia arobaini, na atapata sababu nzuri ya kufanya hivyo, hata ya kidini. Katika Biblia, Mfalme Sauli aliwabakiza ng'ombe wanono aliokatazwa, akasema ni wa sadaka. Nabii Samweli akamwonyesha kwamba Mungu hanunuliwi kwa nyama ya uasi.

Wengi wetu hatutafikiwa na mitumbwi ya Fisi. Tutafikiwa na kikapu. Kesho alfajiri katika soko la Kadutu, hapa mjini, kabla mteja wa kwanza hajafika, kuna mama atakayeligeuza kopo lake la kupimia unga, atazame lile bonyeo lililosukumwa ndani kitakoni ili kipimo kipungue, kisha alirudishe nje kwa kidole gumba. Hakuna atakayemwona. Faida ya siku itapungua, na nyumbani mahitaji ni yaleyale. Mama huyo atakuwa ameweka jiwe lake.