Mwambie Baba Yako Ugali Ausongee Nje

Mvua za Machi zilibomoa ukuta wa jiko letu la nje usiku wa manane, zikafukia mafiga na kulowesha gunia zima la mkaa. Asubuhi yake mtungi wa gesi nao ukakata roho, chai ikiwa bado vuguvugu. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa Dodoma mafunzoni. Kujaza mtungi ni mpaka Manyoni mjini, na mshahara ulikuwa bado uko njiani. Nyumba ikabakiwa na chombo kimoja tu cha kupikia: maikrowevu aliyotuletea shemeji yangu wa Dar es Salaam sikukuu ya Krismasi. Tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa kuvaa kitambaa cha kufumwa na kubeba maua ya plastiki.

Hayo yangevumilika. Ila kabla ya adhuhuri bodaboda ikasimama uani, akashuka mama mkwe. Alikuwa amepanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Kintinku na kapu lake: unga wa uwele, karanga, viazi vitamu, na fungu la mlenda mbichi.

Kwa desturi tuliyokulia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno baina yao hupitia kwa mtoto. Binti yetu wa darasa la pili akapata ajira.

"Mwambie baba yako, moto uko wapi?"

"Baba, Bibi anauliza moto uko wapi."

"Mwambie Bibi umo ndani ya hilo sanduku."

Kimya kidogo sebuleni. "Mwambie baba yako sioni moshi."

Simu ikaita. Mke wangu hakuuliza habari ya ukuta. "Baba watoto, Mama amekula?"

Nikafungua kijitabu cha mapishi kilichokuja na mashine. Kilikuwa na lazanya, samaki wa Norway na keki ya jibini. Soko letu la Kilimatinde halina hata kimoja, na mgeni wangu asingekigusa. Nikarudi kwenye kapu. Uwele ulikuwepo, na mgeni hukaribishwa kwa ugali.

Nilikoroga unga kwenye bakuli la kauri, dakika mbili uji ukatokota vizuri. Nikaongeza unga, nikasonga, nikarudisha ndani. Shida ya ugali ni kwamba unasongwa ukiwa motoni, na mashine ile haifanyi kazi mlango ukiwa wazi. Kila nilipoutoa nikausonga ulikuwa unapoa; kila nilipourudisha ulikuwa unakauka pembeni na kubaki mbichi katikati. Mwisho wa yote ukatoka ugali wa mabuja, kila buja na unga mkavu tumboni. Binti akaupeleka, akarudi na sahani.

"Bibi anasema ameshiba safari."

Binti akaamua kuniokoa. Alichukua yai la kuku wa kienyeji, akalitia ndani na ganda lake, akabonyeza. Lililipuka kwa kishindo hadi mlango ukafunguka wenyewe. Mvuke ulikuwa umekosa pa kutokea. Kosa hilo lina ukoo mkubwa: mwaka 1945, Percy Spencer, fundi wa rada wa kampuni ya Raytheon kule Marekani, aligundua kipande cha peremende kimeyeyuka mfukoni mwake karibu na mitambo. Akajaribu bisi, zikachanua. Inasimuliwa kwamba walipojaribu yai, lilimrukia mwenzake usoni. Hata hivyo miaka miwili baadaye maikrowevu ya kwanza ilikuwa sokoni, ndefu kama mtu mzima na yenye uzito wa zaidi ya kilo 300. Yetu ilikuwa ndogo, lakini yai lilienea ndani kote.

Wakati nafuta, mama mkwe alikuwa ameshakatakata mlenda, ametia chembe ya magadi na maji, akaujaza bakulini karibu na ukingo. Mlenda ukizungukia kwenye kioo ulikaa kwa adabu dakika nzima. Kisha ukavimba, ukapanda, ukamwagika pande zote, ukafika sahani inayozunguka, na sahani ikausambaza. Nilipofungua mlango ukaning'inia kutoka juu hadi sakafuni kwa uzi mmoja usiokatika, wa kijani, na nilipousogelea na kitambaa ukanifuata mkononi. Sebuleni nikasikia kicheko kilichobanwa na upande wa khanga.

Kicheko hicho kilimtoa kwenye kochi. Alisimama mlangoni, mimi nikageukia ukutani kama ilivyo heshima, akaichunguza mashine.

"Mwambie baba yako, hiki kitu hakina moto. Kinachemsha maji yaliyomo ndani ya chakula."

Sijasikia mhandisi aliyeeleza vizuri zaidi. Mawimbi ya mashine huyatikisa maji, na msuguano huo ndio joto. Hupenya sentimita chache tu, ndiyo maana katikati huchelewa. Chuma huyarudisha, ndiyo maana sufuria hutoa cheche.

Kuanzia hapo jiko lilikuwa lake. Viazi vitamu aliviosha, akavitoboa kwa uma, dakika nane, akavigeuza katikati ya muda, kisha akaviacha vitulie vimefunikwa. Vikatoka laini hadi kiini. Mlenda ulirudi ndani, safari hii robo bakuli, ukatolewa na kukorogwa kila ulipotaka kupanda, ukamaliziwa kwa karanga za kusaga. Karanga zenyewe zilikaangwa sahanini, zikikorogwa kila dakika, zikatolewa kabla ya kugeuka rangi kwa sababu huendelea kuiva zikiwa nje. Mayai yaliyobaki yalipigwa bakulini na nyanya na tone la mafuta ya alizeti, yakaiva kabla binti hajamaliza kunawa.

Kila pishi lilitanguliwa na amri: mtoto asome mita ya LUKU kabla na baada. Mama mkwe aliogopa tusije tukavuka zile uniti 75 kwa mwezi zinazotubakiza kwenye bei ya chini. Mashine yetu hula wati 1,200, kwa hiyo dakika kumi ni uniti 0.2. Viazi vyote havikufika hata hapo. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Sisi tulitangulia kwa kusukumwa na ukuta.

Kabla ya kurudi Kintinku alitoa hukumu, binti akaisoma kwa sauti ya barazani. Ugali na makande ni vya nje, kwenye mafiga, kwa kuwa kimoja kinataka mkono na kingine kinataka subira. Viazi, mayai, karanga na mlenda ni vya ndani. Kitambaa na maua yahamie juu ya redio.

Mke wangu aliporudi alikata rufaa, hasa kuhusu maua. Akapiga simu Kintinku, akasikiliza muda mrefu, akaitikia "Ndiyo Mama" mara nyingi, kisha akayahamisha.