Kompyuta Iliyojiona Iko California

Mhasibu wa ofisi moja jijini Dar es Salaam ana vidole vya moto. Anaandika haraka, anabonyeza Enter kabla hujamaliza kumsalimia, halafu skrini inamwambia kwamba jina la mtumiaji au nywila si sahihi. Anarudia. Si sahihi. Anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kitenge, anarudia herufi moja moja huku akizitamka chini chini, na jirani yake, kwa heshima, anajifanya hasikii.

Ujumbe ule umefumbwa makusudi. Seva ikikiri kwamba jina ni sahihi na tatizo ni nywila tu, mwizi anayebahatisha amepunguziwa kazi. Kwa hiyo inamjibu kila mtu kana kwamba ni mwizi. Wezi hawalalamiki, anayelalamika ni mhasibu mwenye mishahara ya watu mkononi.

Kijana wa IT akaitwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mfumo wenu umenikataa tena.”

“Capslock umeangalia?”

Swali hilo huulizwa kwanza, na huchukiwa kuliko yote kwa sababu mara nyingi ndilo lenye jibu. Safari hii taa ya Capslock ilikuwa imezimwa. Mhasibu alikuwa na mbinu yake: kuiandika nywila kwenye kisanduku cha jina, ambako herufi zinaonekana, aone anakosea wapi. Mbinu nzuri, ila kwa mazoea alibonyeza Enter. Seva nyingi hutunza kumbukumbu za waliojaribu kuingia wakashindwa, pamoja na majina waliyoandika, kwa hiyo nywila yake sasa imelala humo kwenye safu ya majina. Ikabidi ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kubadilisha nywila ndiko kulikozaa balaa la pili. Akaunti ikawa inajifunga kila siku alasiri, kwa utaratibu wa kuogopesha. Minong’ono ikaanza: kuna mtu anamchezea. Kijana wa IT akafungua kumbukumbu za seva, akakuta majaribio yote yanatoka kwenye simu. Ilikuwa simu ya zamani ya mhasibu, aliyompa mwanawe achezee gemu, na barua pepe ya ofisi bado imo ndani. Mtoto akirudi shuleni anaiwasha. Simu, kwa uaminifu wake, inapeleka nywila ya zamani, inakataliwa, inapeleka tena, mpaka seva inafunga mlango.

Haya mambo hayakuanza leo. Chuo cha MIT cha Marekani kilianza kutumia nywila mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo wa CTSS uliosimamiwa na Fernando Corbató, ili watu wengi waitumie kompyuta moja bila kuchunguliana mafaili. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr aliona saa alizogawiwa hazimtoshi. Akaiamuru mashine ichape orodha ya nywila zote, ikachapa. Mwaka 1966 ikawa vichekesho zaidi: mafaili mawili yalichanganyika, na kila aliyeingia akakaribishwa na nywila za wenzake badala ya tangazo la siku. Ukilinganisha na hayo, mhasibu wetu ni mlinzi hodari.

Lakini kisa kilichoiteka ofisi nzima kilitokea Januari, mwezi ambao hakuna mwenye subira. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa imetoka kwa fundi, imewekewa Windows upya. Kila akifungua folda ya pamoja, inamwambia kuna tofauti ya muda kati yake na seva. Ameangalia saa ya kompyuta: saa tatu kasoro asubuhi. Ameangalia ya ukutani: saa tatu kasoro. Akaamua mashine ni mwongo. Bosi naye akapita, akalinganisha na saa yake ya mkononi, akaafiki.

Mashine ilikuwa inasema kweli. Seva za ofisi nyingi humtambua mtu kwa Kerberos, mfumo uliobuniwa MIT miaka ya 1980 na kupewa jina la mbwa anayelinda lango la kuzimu katika hadithi za Wagiriki. Ukishatambuliwa unapewa tiketi yenye muhuri wa muda, na kama tiketi ya basi la mkoani, ya jana haikupandishi leo. Kwa kawaida saa mbili zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, mbwa anabweka.

Fundi alikuwa ameziweka akrabu sawa, lakini ukanda wa saa akauacha ule wa pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa imani ya kompyuta, saa tatu hiyo ya asubuhi ilikuwa ya California, na seva ilipopiga hesabu ikakuta mgeni huyu ametangulia kwa saa 11.

Kijana wa IT akachagua Nairobi kwenye orodha, akarekebisha saa, folda ikafunguka. Kilichobaki ni mafaili ambayo mhasibu alikuwa ameyahifadhi kwenye kompyuta yake asubuhi zile zote. Sasa yalionyesha kwamba yalikamilishwa kuanzia saa mbili usiku na kuendelea. Mhasibu aliyatazama kwa muda, akavaa miwani vizuri, akauliza fomu za malipo ya saa za ziada zinachukuliwa wapi.