Siku Tisini za Serikali, Siku Kumi za Mfungwa

Kwa Wizara ya Katiba na Sheria,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA USTADI WA KUGAWA MUDA

Anayetaka kuidai Serikali ya Tanzania fidia mahakamani, tuseme kwa kipigo alichopata gerezani, lazima kwanza aipe notisi ya siku 90. Ni haki kabisa. Serikali ina Mwanasheria Mkuu, na tangu 2018 ina pia Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ya kuitetea katika mashauri ya madai. Mawakili wengi kiasi hicho hawakurupushwi.

Mfungwa asiye na wakili hana mzigo huo, na sheria imempunguzia muda ipasavyo. Mtu wa Kisanga aliyefungwa na Mahakama ya Wilaya ya Kilosa ana siku 10 za kutoa notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha sababu zake. Kwa uungwana, siku za kusubiri nakala ya hukumu hazihesabiwi katika hizo 45. Nakala ikifika huenda ikawa ya Kiingereza, ingawa tangu 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Nyaraka zake za rufaa humkabidhi Mkuu wa Gereza, naye huzifikisha mahakamani. Akitaka kuandika notisi ya kulalamikia kipigo, karatasi, kalamu na njia ya posta viko mikononi mwa ofisi hiyohiyo. Ni nadra mlalamikiwa kupewa utarishi wa malalamiko dhidi yake, na Wizara inastahili sifa kwa kubana matumizi.

Madai ya aina hiyo yana ukomo wa miaka 3. Sheria ya Ukomo humsubiri mtoto mpaka akue na mwenye maradhi ya akili mpaka apone. Kifungo hakimo. Aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akapigwa mwaka wake wa kwanza, atatoka dai lake likiwa limekufa zamani.

Aliyechelewa kukata rufaa anaweza kuomba kuongezewa muda, mradi aeleze kila siku aliyochelewa: zoezi jepesi kwa mtu asiye na kalenda. Majaji wa Rufani wenyewe wamewahi kukiri kwamba mfungwa hana mamlaka juu ya mambo yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 nayo imemletea wasaidizi wa kisheria, wanaoruhusiwa kumshauri ila si kusimama mahakamani kwa niaba yake.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, haikuuelewa utaratibu huu. Katika hukumu ya tarehe 20 Novemba 2015 ilipokea shauri la mfungwa Mtanzania lililokawia zaidi ya miaka 3, kwa kuzingatia kwamba alikuwa gerezani, fukara, na si mjuzi wa sheria. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia kwenda huko moja kwa moja. Hata kuondoka kulihitaji muda: uamuzi ulianza kutumika tarehe 22 Novemba 2020.

Inapendekezwa, kwa majaribio ya mwaka mmoja, pande hizi zibadilishane: mfungwa apewe siku 90, Serikali 10, na majibu yake yapitie kwa nyampara.

Nakala: Mkuu wa Gereza, kwa taarifa na kugonga muhuri.