Bolti Mbili za Kabureta

Boti ikichelewa kufika, mshitakiwa wa kwanza ni kabureta. Ushahidi hakuna, ila imeshikwa na bolti mbili tu, na spana namba 10 haikosekani mfukoni mwa mtu. Huenda tumbo la boti limeota uchafu wa baharini wa kukwaruza mkono, propela imepinda kwa kugonga mwamba, na abiria wamezidi pamoja na magunia yao. Lakini makosa hayo yanataka kungoja maji yapwe, kuinama na kukwangua, au kumwambia mtu mzima ashuke. Kabureta unaifungua umekaa.

Hoja ya wanaotaka kabureta kubwa inavutia: tundu pana, hewa nyingi, petroli nyingi, mwendo. Tatizo ni kwamba kinachomeza ni silinda, na silinda ya sentimita za ujazo 100 haimezi 150 kwa kuonyeshwa mlango mpana. Tena kabureta haipulizi petroli. Koo lake limebanwa makusudi ili hewa ipite mbio, presha ishuke, na petroli inyonywe kupitia kitundu kiitwacho jeti. Lipanue koo hilo, na hewa itapita kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Mnyonyo unalegea, na injini iliyotakiwa kunguruma taratibu gatini inakohoa na kuzima, mara nyingi mkondo ukiwa umeshachagua boti ya nani mtaigonga. Aliyehamishia humo jeti zake za zamani ana hatari kubwa zaidi: hewa ni ileile, petroli ndiyo iliyopungua. Katika injini zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, kwa kawaida lita 1 kwa 50, petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni inachemka hadi inang'ang'ania silinda. Fundi atasema injini imenoki. Mwenye boti atasema maneno mengine.

Mbona kwenye injini za Johnson na Evinrude kabureta iliongeza nguvu, atauliza mtu, na ana haki ya kuuliza. Injini zao za nguvu-farasi 9.9 na 15, zilizotoka Marekani kuanzia 1974, kwa miaka mingi zilikuwa na silinda zilezile, jumla sentimita za ujazo 216. Kilichozitenganisha hasa ni kabureta. Huko kuna maziwa yasiyoruhusu injini ya zaidi ya farasi 10, basi injini ikabanwa koo ili ipite kwenye sheria. Anayeifungia ile ya 9.9 kabureta ya 15 amemfungua kamba mbuzi aliyekuwa na miguu yake tangu mwanzo. (Kibandiko cha 9.9 hubaki kwenye kifuniko, sadfa tu.) Sasa ifungie hiyo 15 kabureta ya 25, uone kama mbuzi ataota miguu mingine.

Na hata farasi wangeongezeka kweli, boti nzito isiyoweza kupanda juu ya maji, yenye urefu wa futi 16 majini, hugota karibu na kilomita 10 kwa saa. Hapo inapanda kilima cha wimbi ililolitengeneza yenyewe. Ukizidi kukaza, nyuma inadidimia, pua inatazama mbinguni, kelele zinafika kijiji cha pili, tangi linakauka, na ngalawa ya tanga inasogea kuuliza kama mna kamba.