Karo kwa Herufi Kubwa

Kaplong, pale barabara za Kericho, Kisii na Bomet zinapokutana, mzazi hupokea barua ya shule yenye Kiingereza cha heshima kupita kiasi: mwalimu mkuu herufi kubwa, bodi herufi kubwa, karo herufi kubwa, hata lango. Wanafunzi, maskini, herufi ndogo.

Sarufi haina unyenyekevu huo. Kaplong Girls High School ni jina, lipewe herufi kubwa. Shule tu, ndogo. Hisabati na historia ni ndogo, hata kama zimewaangusha wengi; Kiingereza na Kiswahili ni kubwa kwa kuwa ni lugha. Cheo nacho hukua kikitangulia jina la mtu. Kikibaki peke yake, hunywea.

Waheshimiwa, karo tutalipa hata mkiiandika kwa herufi ndogo.