Tunanunua Kupakua, Tunaishi kwa Kupakia

Ndugu zangu wa nyumbani, mnauliza kwa nini sisi wa London, mji wa mfalme, mkitupigia simu ya video tunaganda mdomo wazi kama samaki changu juu ya meza ya soko la Feri, ilhali ninyi wa bando la wiki picha zenu zinatembea. Swali ni la haki. Nyumba za huku, hasa hizi za kupanga watu watano jiko moja, huchagua intaneti kwa kipimo kisichowahusu. Zinatazama kasi ya kupakua, yaani vitu vinavyoingia, wala haziulizi kasi ya kupakia, yaani vinavyotoka. Na Mswahili aliye mbali na kwao ni mtu wa kutoa: anatoa sura yake, video ya mtoto anayetambaa, na ule ujumbe wa sauti wa dakika tisa unaoanza na "kwa kifupi".

Tangazo likikwambia kasi, jua ni ya kupakua. Tangu Mei 2018 kanuni za matangazo za Uingereza zinataka kasi inayotangazwa iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, saa mbili hadi saa nne usiku. Kanuni nzuri, ila ni ya watazama filamu. Saa mbili usiku ya London ni saa nne ya Dar na Mombasa wakati wa kiangazi, saa tano wakati wa baridi. Mama keshashusha chandarua zamani. Msongamano wetu ni Jumapili alasiri, kila chumba kina mtu anayepaza sauti "unanisikia?" kiasi kwamba hata bila intaneti angesikika Tanga. Sasa chukueni laini za kizamani kidogo, ambazo faiba inaishia kwenye kabati la kijani barabarani, halafu safari inamaliziwa kwa waya wa shaba. Laini hiyo ikiwa na afya njema kabisa inapakua megabiti 80 kwa sekunde na kupakia 20, na kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kabati ndivyo zinavyopungua. Netflix wenyewe wanasema filamu ya 4K inataka megabiti 15, kwa hiyo watu watano wanaweza kutazama filamu tano tofauti na chenji ikabaki. Jambo hilo halitokei, maana saa hizo wawili wapo kazini zamu ya usiku. Lakini simu tano za video kwa mpigo hutokea kila Jumapili. Zoom inashauri karibu megabiti 3.8 za kupakia kwa picha kali ya 1080p. Zidisha kwa tano, umefika 19. Akitokea mmoja ambaye simu yake imeamua kuhifadhi picha zake zote mtandaoni, shughuli imekwisha.

Kinachotokea hapo ni foleni. Video ya harusi ya gigabaiti 4 ni megabiti 32,000, na kwa kasi ya kupakia 20 inachukua kama dakika 27. Dakika zote hizo sauti yako inasubiri nyuma yake, kama mama mwenye kikapu kimoja pale kivuko cha Kigamboni, malori ya saruji yakiwa yameshajaza pantoni. Kuna ruta zinazojua kupanga foleni, zikapitisha vipande vidogo vya mazungumzo kabla ya mizigo, na pesa ya kununua ruta ya namna hiyo haipotei. Dawa kubwa zaidi ni faiba inayoingia hadi ndani ya nyumba. Vifurushi vyake vya megabiti 900 mara nyingi hupakia karibu 110, na harusi ile ile inaondoka kwa dakika 5. Zipo pia kampuni zinazotoa kasi sawa pande zote mbili. Mimi, nikiwekewa 900 kwa 110 na 150 kwa 150 yenye bei nafuu, nachukua ya pili bila kupiga kura jikoni.

Mtasema, au watasema wenzangu kwa niaba yenu, kwamba ubovu uko huko kwenu. Sikatai. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, Tanzania na Kenya zikaona cha moto, na hakuna ruta ya London ambayo ingesaidia. Ila kipimo cha kujua kosa ni la nani ni chepesi: simu ikikwama kwa Nairobi na ikakwama vilevile kwa Manchester, basi bahari haina kosa. Wengine hupendekeza kiboksi cha 5G kisicho na waya wala fundi. Kwa nyumba ambayo watu huingia na kutoka kama daladala, hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mikataba ya faiba kwa kawaida ni miezi 18 au 24, na wenzako wakihama, deni linabaki kwa yule mwenye jina kwenye karatasi. Lakini kasi ya kiboksi hupanda na kushuka kulingana na majirani wanaougawana mnara, na kupakia ndiko huumia kwanza. Mkataba wa mwezi kwa mwezi kwenye faiba, hata ukizidi pauni chache, naona ndiyo njia. Kuhusu bei, tangu Januari 2025 kampuni zinalazimika kutaja ongezeko la katikati ya mkataba mpya kwa pauni na peni, basi hesabu ya kugawana kwa watano inawezekana tangu siku ya kwanza. Kulipana ni suala jingine, wala halina kanuni.

Na ruta isiwekwe nyuma ya friji. Chuma hakipendi Wi-Fi.

Haya, Jumapili saa kumi za huku, saa kumi na mbili zenu, tutapiga. Mama, tafadhali, simu ishike mbali kidogo na uso. Megabiti zote hizi za kupakua tunazolipia zinatuletea paji la uso na feni ya dari, vikiwa vimeng'aa kweli kweli.